Usimpe fundi bastola yako kabla hujanijibu

Sahibu yangu,

Salaam, na za siku nyingi. Huku wote wazima, mgongo wangu tu ndio una manung'uniko yake. Najua ni zamu yangu kuandika tangu lini sijui, nitukane tukionana. Leo kilichonishikisha kalamu ni Mrefu. Alinipitia na habari kwamba umepata fundi wa karakana atakayekuchongea mtutu mwembamba wa .22, ile risasi ndogo ya bei nafuu, uuchomeke kwenye bastola yako ya 9mm, uagane na gharama za risasi. Nilidhani ananitania. Kisha nikakumbuka anayezungumziwa ni wewe.

Kwenye gharama nakuunga mkono. Mtu unamaliza magazini mbili tatu, ukiinama kuokota maganda unaona hela zako zimetapakaa sakafuni. Ile .22 ni nafuu kwa sababu ni kidogo kwa kila kitu: kichwa chake cha kawaida kina gramu 2.6, wakati cha 9mm yako kinafika 7.5, ganda ni jembamba, baruti ni chembe. Na ni ya zamani, ipo tangu 1887, viwanda vinaitoa kwa wingi mno. Hapo huna kosa hata kidogo.

Ila mtutu peke yake hautoshi, ndugu yangu! Chukua risasi ya 9mm uitazame kitako. Katikati kuna kile kiduara cha fataki, ile inayowasha baruti, na pini ya bastola inagonga palepale. Sasa itazame .22: kitako kitupu, hakina kiduara. Fataki yake imetandazwa kwa ndani, ndani ya ule ukingo unaozunguka, na pini lazima iubonyeze ukingo ndipo iwake. Pini yako itatoboa tu kidoa katikati na utabaki unasikiliza kimya. Tuseme huyo fundi kapata njia ya pini. Slaidi je, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga, kitupe ganda na kupakia risasi nyingine? Ile ni chuma kizito kilichopimwa kwa nguvu ya 9mm, na springi yake vilevile. Risasi ndogo kuisukuma ni sawa na mtoto kusukuma geti la ghala. Na magazini yako haikuumbwa kwa maganda yenye ukingo: ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ule wa chini yake, zinakwamana.

Ndiyo maana seti za kiwandani za kuigeuza bastola ya 9mm ipige .22 haziishii kwenye mtutu. Unapewa slaidi nzima, mara nyingi ya alumini, mtutu wake, springi yake na magazini yake. Chako kinachobaki ni fremu na triga. Kiwanda cha CZ waliitengenezea bastola yao ya CZ 75 seti yake wakaiita Kadet, na bastola za Glock nazo zina seti zake.

Hata wenye viwanda walihangaika. Colt walitoa Ace mwaka 1931, bastola ya .22 yenye umbo la 1911, ile bastola yao kubwa ya risasi za .45. Slaidi waliipunguza uzito, na bado risasi ndogo ilikuwa ikisuasua kuiendesha. Mpaka akaja David Marshall Williams, yule aliyefungwa kwa kifo cha ofisa wa polisi akawa anabuni bunduki humohumo gerezani. Yeye aliifanya chemba yenyewe, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, icheze: gesi inaisukuma nyuma, nayo inaipiga slaidi teke. Ikaingia kwenye Service Model Ace ya 1937, na mkono ukahisi teke linalokaribia lile la .45. Sasa huyo fundi wako, pamoja na heshima zangu zote kwake, ana mashine ya kuchonga na kujiamini.

Nunua seti, basi. Lakini usiitarajie ikufundishe kuhimili teke la bastola mkononi, teke lenyewe karibu halipo. Inachofundisha ni kidole na macho, na wewe ndiko unakougulia. Babu Kofia kasema mara ngapi kwamba unashtuka kabla ya mlio? Mshiko ni uleule, triga ni ileile, unarudia mpaka woga uchoke. Kisha malizia na 9mm chache kila mara, mkono usije ukalala. Alama za kulengea zinakaa kwenye slaidi mpya, kwa hiyo unazirekebisha zenyewe bila kugusa zile za 9mm.

Usifyatue .22 ikiwa tupu, pini inaweza kugonga mdomo wa chemba na kuuharibu. Risasi zisizowaka utakutana nazo zaidi kuliko ulivyozoea: mdomo wa bastola ubaki unaelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 ndipo uitoe. Ukisikia mlio dhaifu wa ajabu, simama, toa kila kitu, chungulia mtutu usijekuwa na kichwa kimenasa. Wengi wa watengenezaji wanasisitiza risasi zenye kasi na kichwa kilichopakwa shaba, kwa hiyo soma karatasi yao, wewe na tabia yako ya kutupa karatasi. Na unawe mikono ukimaliza, kinachobaki vidoleni kina madini ya risasi, yaani lead.

Lile la shemeji na funguo za sefu... hapana, hilo mpaka tuonane.

Sasa nijibu. Bastola yako ni toleo lipi hasa? Seti ya toleo moja inaweza kugoma kabisa kwenye fremu ya jingine. Fundi keshaanza kuchonga, au umetoa malipo ya awali tu? Leseni yako inataja kaliba, yaani upana wa risasi? Maana kuna nchi ambako mtutu au slaidi peke yake inahesabiwa silaha, na hata huo mtutu wa karakana unaweza kukuweka pabaya, kwa hiyo waulize waliokupa leseni kabla ya kuagiza chochote. Na ikifika, utaniachia nipige magazini moja au utaniletea zile sababu zako? Mrefu naye anauliza kama deni lake umelisamehe au umelisahau.

Wako,
Mwenzio wa safu ya pembeni