Kisanduku cha tokeni kimenifanya mwizi kwenye ploti

Shangazi, shikamoo.

Ni saa kumi za alfajiri na sijapata hata lepe la usingizi. Simu imebaki asilimia 11, kwa hivyo ukiona nimerukaruka au nimerudia neno, nivumilie.

"Aliyeshika kisanduku ameshika koo zetu." Hayo ndiyo niliyoambiwa jana usiku kwenye ngazi, watoto wakisikia, keateka akisikia. Na hakuyasema mtu wa mbali. Ni jirani wa nyumba ya kati.

Nyumba za Kayole unazijua. Sisi ni nyumba tatu, mita moja. Mita yenyewe iko juu ya mlingoti, na kile kisanduku cha kubonyeza namba kimechomekwa kwangu kwa sababu siku mafundi walipokuja mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Basi. Tangu siku hiyo stima ikizima, mlango unaobishwa ni wangu. Tokeni, ile namba ya stima tunayolipia kabla ya kuitumia, ikichelewa, ni mimi. Uniti zikiisha upesi, ni mimi.

Jana zilikwisha saa tatu usiku. Tulikuwa tumechanga, 500 kila nyumba, nikalipa kwa simu, ujumbe ukakawia karibu dakika arobaini. Ulipofika, kisanduku nacho kikawa kinafifia. Umeme ukikatika kisanduku huishi kwa betri, na zile betri hakuna anayezikumbuka mpaka siku ya giza. Nikibonyeza tarakimu nane, kumi, kioo kinazimika, naanza upya. Tokeni ina tarakimu 20, na kioo hakizionyeshi zote pamoja. Ukifika katikati za mwanzo zimeshapita, huwezi kuona ulikosea wapi. Ukikosea moja tu inakataa yote, na mita nyingine ukikosea mara nyingi hujifunga kwa muda. Nilitoa betri za redio nikatia humo, nikamwambia mume wangu anisomee nne nne kwa sauti. Ikakubali saa tano kasoro. Katika muda huo ndipo mama yule aliposema maneno yake. Hakuniuliza shida ni nini. Alisema tu nimeshika koo zao.

Shangazi, mimi najua kisanduku hiki kuliko mtu yeyote kwenye ploti hii. Najua ukikichomeka kwenye ekstensheni yenye chaja nyingi kinasema hakuna mawasiliano, kwa sababu kinaongea na mita kupitia nyaya zizo hizo za stima, na chaja zinatia makelele kwenye nyaya. Dawa yake ni kung'oa chaja zote na kukirudisha kwenye soketi ya ukutani. Najua tokeni ikishaingia mara moja haiingii tena, na tokeni ya mita ya mtu mwingine haiwezi kuingia kwetu hata ubonyeze mpaka kucha zitoke. Hata ningetaka kuiba, nitaibaje? Siwezi kuzitoa uniti humo nikaziuza.

Lakini haya hayakuanza jana. Yalianza 2024, ule mwaka wa kuweka mita upya. Unakumbuka: ukinunua tokeni unaletewa namba tatu badala ya moja, kila moja tarakimu 20. Mbili za kwanza hazina uniti hata moja ndani, kazi yake ni kuiweka mita upya, na lazima uziingize kwa mpangilio kabla ya ile ya tatu. Sababu yake ni kwamba tokeni hizi hubeba hesabu ya dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuwekwa upya ingekataa tokeni mpya. Nilimweleza hivyo jirani nikiwa nimemshikia simu aone. Akatazama namba tatu, akatazama uniti za namba moja, akasema, "Kwa hivyo hizi mbili zingine zimeenda wapi?" Akacheka, nami nikacheka. Sasa naona yeye hakuwa anacheka.

Basi nikaanza kuandika. Nina daftari, kila asubuhi saa kumi na mbili nasoma uniti zilizobaki na kuziandika. Nililipeleka kwake Jumapili. Akaniambia daftari umeandika wewe, kisanduku kiko kwako. Niseme nini hapo? Mita inajua uniti ngapi zimeliwa; nani amezila haijui.

Kinachokula stima hapa ni koili ya kuchemshia maji. Ndoo ya lita 20 ya maji ya kuoga, kutoka kwenye baridi ya asubuhi hadi moto wa kuchanganya na ya baridi, ni uniti 1 hivi. Nyumba tatu, ndoo tatu, kila siku. Balbu na chaja za simu ambazo watu wanagombania ni vitu vidogo sana, balbu ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa mia moja kumaliza uniti moja. Nimelisema hili kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti nikajibiwa kwa picha ya friji.

Ndiyo, nina friji. Ni ya zamani, inakula karibu uniti 1 kwa siku, na kila mchango naongeza 100 juu ya 500 yangu, hilo wanalijua. Ila usiku huu nimepiga hesabu. Kwa 1,500 tunapata uniti 52, kwa hivyo uniti 30 za friji kwa mwezi ni zaidi ya 800. Mia mia zangu hazifikii sehemu yangu. Hesabu hiyo niliimaliza saa nane na sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Na kuna jambo jingine linaloniuma, kwamba mita moja inatuumiza sote. Bei ya uniti hufuata wastani wa matumizi ya miezi mitatu: mpaka uniti 30 kwa mwezi una bei ya chini, mpaka 100 bei ya kati, ukipita 100 bei ya juu. Nyumba isiyo na friji hapa haifiki 40. Tukijumlishwa tunapita 130, tunalipishwa kama nyumba moja ya tajiri. Landilodi nimemwomba mita tatu, anasema subiri.

Jirani yule sasa anataka kisanduku kihamie kwake. Mara ngapi nimesema nimechoka nacho, kiondolewe kwangu? Lakini jana alipokitaka nilikataa, nikafunga mlango. Binti yake wa kidato cha nne alikuwa akisomea mezani kwangu kila jioni, kikombe chake bado kiko kwenye kabati langu. Wiki mbili hajaja.

Nimeshaangalia nyumba Kahawa West. Sitaki kuhama.

Shangazi, nikimpelekea kile kisanduku kwa mikono yangu, pamoja na betri mpya, watasema nimekiri wizi? Na hesabu ya friji nimwambie siku hiyo hiyo au ningoje kwanza afute yale maneno ya koo? Nijibu upesi. Kioo kinasoma uniti 50, na kwa ndoo tatu kila asubuhi hazitazidi siku kumi na moja kabla ya mtu kuitisha mchango tena.

Msomaji wako, Kayole