Taa ya matumbawe hainunuliwi kwa macho

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Naandika juu ya ule ukurasa wenu wa mambo ya nyumbani, pale mlipoeleza vizuri tu kufuga samaki wa mapambo alafu mwishoni mkaweka mistari miwili kwamba anayetaka tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe atafute taa yoyote nyeupe ya LED yenye wati nyingi. Hapo ndo nikaweka kikombe cha chai chini. Hiyo taa yoyote mimi niliinunua, ikanila pesa na usingizi, kwa hiyo naomba nafasi kabla mtu mwingine hajatoa hela mfukoni.

Niko Najjera, hapa Kampala, bahari kwetu ni hadithi ya waliowahi kupanda basi mpaka Mombasa. Tangi langu ni la lita 90, kina sentimita 40, chumvi ya pakiti, maji ya kuchuja, mawe. Samaki hawakunisumbua, hao hata balbu ya sebuleni inawatosha. Shida ni matumbawe, sababu yale si mawe wala maua, ni wanyama, na ndani ya nyama yao wanaishi vijimea vidogo sana vya jamii ya mwani ambavyo vinajipikia chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba, tena fungu kubwa. Kwa hiyo ile taa pale juu siyo pambo, ndo posho na maharage yao.

Sasa mi nilienda duka moja mjini, kijana akaniambia ssebo, chukua hii ya wati 50, watu wanaweka kwenye geti inamulika mpaka kwa jirani. Kweli ilimulika. Tangi likawa linang'aa kama chumba cha sindano. Wiki ya tatu vioo vikapakwa kahawia, mawe yakaota nywele za kijani, na zile zoanthidi zangu (ni kama vifungo vya shati vyenye ndevu pembeni) zikarefuka shingo kama watu wanaochungulia harusi ya wenyewe juu ya ukuta, rangi yote imekuwa ya chai ya maziwa. Niseme ukweli, samaki nao nilikuwa nawalisha kupita kiasi, hizo nywele si kosa la taa peke yake. Lakini kurefuka kule na kuwa kahawia ni njaa ya mwanga. Mwanga mwingi na bado njaa, bannange!

Nikaja kuelewa baadaye. Baharini maji yanameza rangi nyekundu kwanza, ukishuka mita 10 hivi imekwisha karibu yote, inayofika chini ni buluu, na vile vijimea vimezoea kula hiyo, hasa kati ya nanometa 420 na 480 (ndo kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga). Taa ya geti imetengenezwa ili mlinzi amuone mwizi, imejaa njano na kijani ambayo jicho letu linapenda, buluu yenyewe ni ya kudokoa.

Basi nikajifunga mkanda nikaagiza taa yenyewe ya matumbawe kutoka Nairobi, ina vitufe viwili, kimoja cha buluu kimoja cha nyeupe, kila kimoja unapandisha na kushusha kivyake. Nikawasha. Mama watoto akauliza kama nimefungua baa ya Kabalagala. Zoanthidi zikawaka kijani na chungwa ambazo sijawahi kuona, lakini sebule nzima ikawa kama giza, nikajua nimeibiwa tena. Nikapakua programu ya kupima mwanga kwenye simu, ikanipa namba ndogo kuliko ile ya taa ya geti. Nikapandisha vyote mpaka asilimia 100. Siku ya tano ile zoanthidi kubwa haikufunguka, siku ya nane ilikuwa nyeupe kama mfupa wa kuku uliolambwa.

Hapo ndo penyewe mhariri, hapo ndo nawaombea wasomaji wenu wasome polepole. Lumeni zilizoandikwa kwenye boksi, na laksi ya simu, vyote vinapima mwanga kwa jicho la binadamu, na jicho la binadamu buluu hulihesabu kidogo sana. Taa inaweza kuonekana hafifu kumbe inachoma. Tumbawe likipata mwanga kupita uwezo wake vile vijimea vinaanza kutoa sumu ndani ya nyama, tumbawe linavifukuza, linabaki jeupe, na bila vijimea linakufa njaa. Ndo jambo lile lile lililokuta matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 1998, kule sababu ilikuwa joto la bahari, kwangu sababu nilikuwa mimi.

Kipimo kinachofaa kinaitwa PAR, kinahesabu mwanga ambao mmea unaweza kuutumia bila kujali jicho linaonaje. Jua kali la saa sita juu ya maji linafika karibu 2,000. Usiogope, tangi la anayeanza halihitaji hata robo ya hiyo. Matumbawe laini, yale ya uyoga na zoanthidi, yanaishi vizuri kwenye 50 hadi 100. Yale magumu ya matawi, akropora, ndo yanataka 200 mpaka 350, na kwa mtu wa mwaka wa kwanza akropora ni kutafuta presha, achana nayo. Tena matumbawe magumu yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, huwezi kuyavusha mpaka wa Malaba kwenye begi kama sukari.

Nilichofanya ni kuinua taa mpaka sentimita 30 juu ya maji, nikashusha buluu mpaka 25 na nyeupe 5, nikaacha hapo wiki mbili, alafu kila wiki nikaongeza kidogo kama 5 hivi, huku naangalia. Zikirefuka, ongeza. Zikijikunja au kupauka, shusha haraka, maana njaa inaua polepole ila kuungua ni siku chache tu. Taima inawasha saa nne asubuhi na kuzima saa moja jioni, masaa 9. Kutuacha sisi tuwashe kwa mkono ni kujidanganya, leo utawasha saa moja kesho saa sita. Na msiweke tangi dirishani mkidhani jua la ikweta ni la bure, litawapa joto na yale manywele. Bili haitishi, taa ya wati 60 kwa masaa 9 ni kama yuniti 16 za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa mwezi.

Ndugu walio Marekani wakiwatumia taa, someni kibandiko cha adapta kwanza, kama haikuandikwa 100-240V hapa kwetu kwenye 240 itatoa moshi. Waya uache ushuke chini ya usawa wa soketi kisha ndo upande, ili maji ya chumvi yakitiririka yadondoke sakafuni, sio kwenye plagi. Kioo cha chini ya taa kifutwe kila wiki, chumvi inaganda pale na mwanga unapungua bila wewe kujua.

Umeme ukikatika watu wanakimbilia kuweka taa kwenye inveta. Acheni. Matumbawe yenye afya yanavumilia giza siku mbili tatu, kuna wafugaji wanazima kwa makusudi ili kuua mwani. Kisichovumilika ni maji kusimama, oksijeni inaisha na samaki ndo wa kwanza kwenda, kwa hiyo betri ni ya pampu. Taa we ichomoe kabisa, umeme ukirudi huwa unarudi na hasira.

Ile zoanthidi iliyogeuka nyeupe haikufa yote. Vichwa vinne pembeni, vilivyokuwa chini ya kivuli cha jiwe, vimerudi kijani na sasa viko 11, nahesabu kila asubuhi kabla ya kazi.

Ninachokosa mpaka leo ni kipimo chenyewe cha PAR, kila kitu nakadiria kwa kuangalia, na kifaa hicho ni ghali kwa mtu mmoja anayekitumia mara tatu kwa mwaka. Kama kuna wasomaji wenu hapa Kampala au Entebbe wenye matangi ya chumvi, waandikie gazeti, tukifika watano tuchange tununue kimoja kizunguke. Mchango wangu uko tayari.

Mfuga matumbawe,
Najjera, Kampala