Kupogoa si kukata

Mhariri,

Ukurasa wenu wa kilimo huwa nausoma kabla ya siasa. Lakini makala ya Jumamosi kuhusu bustani za mijini yalinichosha: "kupruni", "kuwidi", "kutransplanti", kana kwamba Kiswahili hakijawahi kushika jembe.

Nina kijibustani nyuma ya nyumba hapa Kahawa West: sukuma wiki, dania, na mparachichi uliokuwa umeanza kuzaa. Mwaka jana nilimwita kijana wa kibarua nikamwambia, "Kata huo mti kidogo, unazibia mboga jua." Nikaingia ndani kuchemsha chai. Kutoka, nakuta kisiki cha kimo cha goti, kijana kando yake anafuta panga. "Si mama umesema nikate?" Hakukosea. Neno kupogoa, yaani kupunguza matawi bila kuuangusha mti, nilikuwa nalo tangu utotoni, ila niliona haya nisije nikaambiwa najidai na Kiswahili cha kitabuni.

Bibi yangu kule Msambweni hakuwa na haya hiyo. Vichaka vilifyekwa, udongo ulioshikana ukatifuliwa. Kupalilia kulingoja mimea iote. Miche ya mpunga iling'olewa kitaluni ikaatikwa, yaani ikapandwa upya shambani, siku hiyo hiyo, na ole wako uiache juani ukapige soga. Akitaka magugu yaondoke juu juu tu, jembe likwaruze lisizame, alisema "kwatua". Hilo ndilo ninalolikosa zaidi. Ukimwambia mtu "lima hapa" kwenye sukuma, anazamisha jembe lote anakata mizizi, maana mizizi yake mingi haiendi chini sana. Mwambie akwatue, na mkono unajua upige vipi.

Wala msiniambie haya ni mambo ya Pwani. Jirani yangu Mkikuyu anayepalilia mahindi husema "kurimira". Nasi tuna kulimia, maana ni ile ile. Wauza miche wa kando ya Barabara ya Ngong niliowauliza wanaijua kupogoa vizuri kabisa, ingawa mahali pao wanapaita "nasari". Hiyo nasari nawasamehe, imeshakuwa yetu.

Mvua za vuli zikikaribia mtaandika tena habari za kupanda. Andikeni kuatika, na mkihofia msomaji atakwama, mfafanulieni kwa mstari mmoja, mara moja, basi.

Kisiki changu kimechipua matawi manne. Mawili nitayapogoa mwenyewe.

Mkulima wa uani,
Kahawa West, Nairobi