Kalamu Sita, Zote Kavu

Amu, Mkomani

Somo yangu,

Assalamu alaykum. Hujambo, na wote hapo nyumbani? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wa Bi Rukia, na huo waujua. Kimya changu usikitie maanani. Nakuandikia kwa shida, nitaisema, ila kwanza nisikilize.

Ile plota, mashine ya kuchora kwa kalamu inayoongozwa na kompyuta, imefika. HP 7475A, ya miaka ya 1980, ilikuwa ikichora ramani za viwanja huko Mombasa kabla ya kutupwa stoo. Basi hadi Mokowe, boti, kisha hamali akaipitisha vichochoroni huku kila baraza ikimuuliza kabeba nini. Kalamu zake sita zimo zote, na zote kavu!

Kuiunganisha kumenitoa jasho. Nyuma ina tundu la pini 25 na safu ya swichi ndogondogo za kupangia kasi; kompyuta yangu ina USB tu. Adapta nilipata, kebo nikaichomea mwenyewe, Kibwana kashika tochi na kunicheka. Nikaipachika peni ya dukani kwa utepe. Ikaanza kuandika vizuri, mara katikati ya neno ikapiga mstari kona hadi kona. Kumbe kumbukumbu yake ni baiti 1024 tu. Kompyuta ikimwaga bila kungoja, zinazozidi hupotea. Nayo haijui neno wala herufi. Inajua PU, inua kalamu, PD, shusha, na nambari za pa kwenda, vipimo 40 kwa kila milimita. Ikikosa PU moja, inaburura tu. Sasa ikijaa humwambia mwenzake angoje, na wanaelewana.

Shida ikahamia kwenye herufi. Nilipanga ukurasa wa kasida za babu kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi ya vitabu, safi kabisa kwenye kioo. Lakini herufi za vitabu zimehifadhiwa kwa kingo zake, kwa hiyo kalamu huzunguka ukingo wa kila herufi. Ukizikuza, zinatoka tupu ndani. Ukizipunguza hadi pointi 10, mguu wa herufi ni mwembamba kuliko ncha ya kalamu; jicho la "e" linazibika, ukurasa mzima matope. Nikarudi kwa herufi za Hershey, yule Mmarekani aliyezitoa 1967, mstari mmoja mmoja bila ukingo. Zinasomeka, na kuitazama inavyoandika ni raha, karatasi ikienda na kurudi chini ya kalamu. Mzee Bwanaheri akaiangalia kadi ya arusi ya bintiye, akasema, "Hii hati imekonda." Kweli, unene ni ule ule mwanzo hadi mwisho.

Hapo ndipo nikapata wazo, na tangu hapo silali. Mwenye khati, mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu, hukata ncha ya kalamu ya mwanzi kwa mshazari na mara nyingi kuishika pembe ile ile. Unene unaletwa na mwelekeo wa mkono. Plota nayo haigeuzi kalamu hata kidogo! Nikiipa ncha bapa, nikaikaza isizunguke, nikaifuatisha njia ya mkono wa babu badala ya kingo, "be" yake si itatoka na tumbo lake? Kibwana asema nimerogwa. Mzee yeye kasema nisiguse Bismillahi kwanza, nijaribie majina ya watu.

Basi shida yangu ni hiyo: ncha bapa, kama milimita 2, kwenye kalamu nyembamba. Hapa zipo za kuandikia maboksi tu. Hapo Mombasa, Digo Road, huwezi kunitazamia? Na kalamu zenyewe za plota, hakuna mchora ramani mzee unayemjua aliyebakiwa na pakiti? Karatasi nzito ya A3 bei gani sasa? Hii ya kwangu inanyonya unyevu wa bahari, inajikunja kabla haijamaliza mstari. Yule shemeji yako bado apanda basi la Mokowe kila Alhamisi? Na wewe arusini waja au ndiyo ahadi zile zile? Nijibu kabla ya Ijumaa, kadi zinangojwa.

Somo yako