YAH: JINA LILILOANDIKWA KWENYE TIKETI YA SITI NAMBA 14

Isevya, Tabora

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatatu alfajiri nilikata tiketi mbili za basi la Tabora kwenye ofisi yenu ya Kigoma, yangu na ya mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 26 na ana ulemavu wa akili. Kusoma hajui, ila jina lake analijua: herufi nne, na kila akishika karatasi huzitafuta kwa kidole. Kwenye tiketi yenu alizitafuta mpaka Uvinza. Hazikuwemo. Wakala aliniuliza jina, nikalitaja vizuri, yeye akaandika "TAAHIRA". Mimi nilikuwa nahangaika na ndoo ya mawese, sikuangalia. Kama ni haraka ya kazi, basi alijichosha bure, maana neno lake ni refu kuliko jina lenyewe.

Tulipofika Kaliua kondakta alipita akihesabu watu, akanigeukia mimi: "Hiki kinashuka wapi?"

Hivyo husemwa kiroba cha dagaa. Najua Kiswahili chetu kina kiziwi na kipofu, na mimi mwenyewe nimekua nikisema kilema bila kuwaza. Lakini hata kipofu tunasema "huyu anashuka wapi". Hiyo "hiki" kondakta wenu aliitafuta mwenyewe. Mdogo wangu alimjibu, "Tabora, kwa shangazi." Hakumsikiliza, akaendelea kuningoja mimi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inakataza ubaguzi wa namna hii. Nauli mlimtoza kamili.

Pesa sidai. Naomba orodha ya abiria ya siku ile isahihishwe. Basi likipinduka (Mungu aepushe) karatasi hiyo ndiyo husomwa, na mama yetu angelitafuta jina la mwanawe asilione. Pia wafanyakazi wenu waelezwe kwamba taahira, zezeta na punguani ni matusi, hata yakitamkwa kwa sauti ya huruma. Ikilazimu kutaja hali yake, waseme mtu mwenye ulemavu wa akili. Isipolazimu ni abiria, basi. Na swali aulizwe yeye kwanza, liwe fupi, kisha asubiriwe. Hujibu, ila huchelewa kidogo. Kuna abiria wengi wazima wanaochelewa kuliko yeye, hasa wakidaiwa nauli.

Samahani aombwe yeye, si mimi.

Tunarudi Kigoma Jumamosi na tiketi bado hatujakata. Safari hii nitakaa pembeni, yeye ndiye atakayekuja dirishani kutaja jina lake.

Dada yake abiria wa siti namba 14
(simu yangu mnayo kwenye tiketi ya siti namba 13)

Nakala: LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), Kigoma