Barua kwa Mwanakombo: kidonge cha asubuhi

Ngamiani, Tanga
Alhamisi, baada ya Isha

Mwanakombo shoga yangu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mavyaa. Sisi huku tunashukuru. Mvua imeshika tangu Jumatatu, machungwa ya Muheza yamejaa kila kona, na Bi Tatu anakusalimu, goti lake limepoa. Ya arusi ya Mwajuma nitakuhadithia tukionana, maana leo nina jambo moja tu, na limeninyima usingizi siku mbili.

Salha alipita hapa juzi akitokea kwako. Akanipa habari mbili kwa mpigo: kwamba una mimba ya miezi miwili, na kwamba umeacha vidonge vyako vya lupasi, ugonjwa wetu huu wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Ile ya kwanza nilipiga kigelegele mpaka mama Zainabu akatoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Ile ya pili imenikaa kooni mpaka sasa ninapoandika.

Umeacha kidonge kipi? Naanza na hilo kwa sababu dawa zetu si za aina moja. Kama ulikuwa umeandikiwa maikofenoleti au methotrekseti, hizo kweli zinadhuru mtoto, zilitakiwa ziachwe hata kabla ya kushika mimba, na umuone daktari kesho asubuhi umweleze. Lakini Salha anasema ni kile cha asubuhi, haidroksiklorokwini, “ile dawa ya malaria”. Basi hicho, shoga yangu, ndicho ambacho hukutakiwa kukiacha.

Najua neno limetoka kwa mavyaa, na simlaumu hata kidogo. Watu wa rika lake wamesikia tangu ujana kwamba klorokwini inatoa mimba. Waliiona ikiwawasha watu mwili mzima, kisha 2001 serikali ikaiondoa kwenye tiba ya malaria. Dawa iliyoondolewa, mtu ataiaminije kwa mkaza mwanawe mwenye mimba? Mwambie kwa adabu kwamba iliondolewa kwa sababu vimelea vya malaria vilikwisha kuizoea, na kwamba chako ni ndugu wa klorokwini, si klorokwini yenyewe. Tena ukoo huo una historia ndefu na ugonjwa wetu. Hapo juu Amani, Wajerumani walifungua chuo chao cha utafiti mwaka 1902 na wakapanda miti ya kwinini, na miaka michache kabla ya hapo, 1894, daktari mmoja wa London aitwaye Payne alikuwa ameshaandika kuhusu kuwapa kwinini wagonjwa wa lupasi ya ngozi. Mwaka 1951 daktari Page naye akaandika kwenye jarida la The Lancet kwamba mepakrini, dawa nyingine ya malaria, iliwasaidia. Kwa hiyo ukimeza kidonge kile si kwamba unatibu malaria usiyo nayo. Unaituliza kinga ya mwili wako isiushambulie mwili wako.

Sasa nisikilize hapa. Hemedi alinichapishia makala za daktari mmoja wa Marekani, Michelle Petri, wa Johns Hopkins kule Baltimore. Tumezisoma pamoja jioni tatu, yeye akinifasiria palipokuwa pagumu. Mama huyu tangu 1987 anawafuatilia wagonjwa wa lupasi, wanarudi kwake kila baada ya miezi mitatu, anaandika kila kitu: viungo, mkojo, damu, mimba. Mwaka 2006 yeye na wenzake, wakiongozwa na Megan Clowse, walitoa hesabu ya mimba 257. Katika 163 mama hakutumia dawa hii. Katika 56 aliendelea nayo mwanzo hadi mwisho. Katika 38 aliiacha, ama miezi mitatu kabla ya mimba au mwanzoni mwake.

Hao 38 ndio nimekaa nao zaidi, maana na wewe sasa umo humo. Lupasi iliwaamkia zaidi wao. Walioendelea na kidonge walitosheka hata na dozi ndogo zaidi ya prednisoni, ile steroidi ya kutuliza ugonjwa. Na watoto je? Mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa na kasoro, hawakuona tofauti kati ya waliomeza na wasiomeza. Niliposoma mstari huo nilimwambia Hemedi arudie, akarudia, nikamwambia tena.

Kinachotishia mimba yetu ni ugonjwa wenyewe ukiamka: figo kuchafuka, presha kupanda, kifafa cha mimba, mtoto kutoka kabla ya wakati. Hivyo ndivyo vya kuogopa, Mwanakombo.

Najua utasema, “Lakini nimeacha wiki tatu na sijambo.” Hata mimi nilisema hivyo. Dawa hii haitoki mwilini haraka, hukaa wiki nyingi, na afya unayoiona leo ni ya vidonge vya mwezi uliopita. Unakumbuka mwaka ule nilioacha, kwa kuwa nilikuwa nimechoka tu, nimechoka kuwa mgonjwa? Miezi miwili nilipika, nilicheza ngoma, nilisafiri. Wa tatu niliamka nikashindwa kufunga kanga yangu mwenyewe, vidole vimekuwa kama ndizi, na mkojo una povu. Wewe ndiye uliyekaa nami kwenye benchi pale Muhimbili tangu saa kumi na mbili asubuhi, umenishika mkono. Wakanada waliwahi kulipima hili, matokeo yakatoka 1991: wagonjwa 47 waliokuwa wametulia, nusu wakaendelea na dawa, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu bila kujua. Katika miezi sita ugonjwa uliwaamkia 16 kati ya 22 walioondolewa dawa, na 9 kati ya 25 walioendelea. Nilikuwa mmoja wao bila kufika Kanada.

Ya macho pia Salha kanigusia. Hofu hiyo ina msingi, sitakuficha. Petri na wenzake waliangalia wagonjwa 537, na 23 walipata madhara kwenye retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Lakini katika miaka mitano ya kwanza ilikuwa kama asilimia 1 tu, na hatari hukua miaka inavyosonga na dozi ikiwa kubwa kuliko inavyofaa kwa uzito wa mtu. Wewe una miaka mitatu nayo. Dawa ya hofu hiyo ni kupimwa macho.

Na bado nakasirika nikikumbuka miaka miwili uliyotibiwa taifodi kwenye ile zahanati, na nywele zinadondoka, na hakuna aliyefikiria kupima mkojo. Halafu makombe ya... basi, hayo yamepita. Kombe la aya kunywa ukipenda, mwenyewe najua linavyotuliza moyo. Ila kidonge kiwe pembeni yake.

Jumamosi ya wiki ijayo naja Bagamoyo, nitashukia Msata nichukue gari la huko. Jumatatu twende kliniki pamoja, wakupime presha, protini kwenye mkojo, na damu, na wakuambie wenyewe kuhusu kidonge. Makala nitabeba, na nitazungumza na mavyaa mimi, ana sikio nami tangu enzi za Mwanaisha. Lakini usinisubiri mimi. Mpigie daktari wako kesho.

Unaumwa popote? Miguu inavimba? Mkojo una povu? Upele wa mashavuni umerudi? Vidonge vimebaki vingapi, au ulivitupa vyote? Kama ni bei imekushinda sema, mimi na Salha tumeshaongea. Shemeji anajua umeacha, au ni siri yako na mavyaa? Na jina la mtoto mmeshafikiria?

Hemedi anaipeleka barua stendi alfajiri, kondakta ni yule kaka wa Mkwaja, ataiacha dukani kwa Mzee Kombo. Ukiipata tu nibipu, hata mara moja, nijue imefika.

Wako,
Rehema