Tusiishie kuwasifia manesi kwa kukimbia, tuulize wanakimbilia nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee hospitali zetu za huku Kusini. Mi ni nesi, nipo Mtwara, wodi ya wanaume, na hospitali sitaitaja maana hili ninalolisema nimelikuta kila nilikopangiwa, na wenzangu wa Lindi, Masasi na Newala wakisimulia naona ni lile lile tu.

Habari za manesi zikitoka gazetini huwa ni za aina mbili, ama nesi ana lugha chafu ama nesi anajituma sana apewe cheti. Hiyo ya kujituma ndo inaniuma zaidi na nitaeleza kwa nini.

Chukua naiti moja. Saa nane usiku analetwa baba mtu mzima, mgonjwa wa sukari, jasho linamtiririka, anaongea maneno hayaeleweki. Unashika glukomita, kile kipimo cha sukari, stripu za kuwekea tone la damu hakuna. Kwenye stoo zipo, ila ufunguo umelala nyumbani kwa inchaji, yaani nesi mkuu wa wodi. Basi nesi anatoka mbio mpaka wodi ya wazazi, kule wanamwambia zetu tuliwapa watoto jana, anakimbilia wodi ya watoto, anapewa mbili, anarudi anahema. Muda wote huo wodi imebaki na mhudumu na wagonjwa thelathini na kitu. Anapima, sukari iko chini kabisa, anamtundikia dripu ya sukari (dekstrozi), mzee anazinduka, asubuhi ndugu wanashukuru mpaka machozi, inchaji anasema hongera dada umepambana. Na hakuna popote palipoandikwa kwamba stripu ziliisha wodini! Keshokutwa nesi mwingine anakimbia njia ile ile.

Kuna watafiti wawili Marekani, Anita Tucker na Amy Edmondson, walifuatilia manesi 26 kwenye hospitali 9 wakaangalia tu wanavyofanya kazi, utafiti wakautoa mwaka 2003. Nilipousoma nilishangaa, yaani huko kwenye pesa zote hizo nao manesi walikuwa wanahangaika na vitu vya kawaida kabisa, hiki hakipo, kile hakijaletwa. Nesi anatafuta njia anaziba pengo, kazi inaendelea, na mara chache sana tatizo linamfikia mtu mwenye uwezo wa kuling'oa. Kwa hiyo hospitali haijifunzi chochote. Na anayeziba pengo kimya kimya ndo anaonekana nesi mzuri, anayelalamika anaonekana mkorofi, hapo sijui nani hajawahi kuliona hilo.

Najua mtasema shida ni uchache wa watumishi. Ni kweli na mimi siupingi, Linda Aiken na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwenye hospitali za Pennsylvania kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa nesi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa kama asilimia 7. Tuajiriwe wengi, tena haraka. Lakini kama naiti ina nesi mmoja na huyo mmoja yuko kwenye korido anatafuta stripu, wodi haina nesi kabisa, na hilo halingoji kibali cha ajira, linataka ufunguo ubaki hospitali kwa msimamizi wa zamu.

Kingine ni dawa. Nesi yuko na trei ya dawa anahesabu, ndugu anamuuliza bili inalipwa wapi, simu ya ofisi inaita, daktari anaita sista njoo, mwingine anataka kujua mgonjwa wake kalazwa kitanda gani, na msimu wa korosho ndo balaa maana majeruhi wa bodaboda wanafuatana. Johanna Westbrook na wenzake walichunguza hilo kwenye hospitali za Sydney, Australia, 2010, wakakuta kila nesi akikatizwa mara moja wakati anatoa dawa, makosa yanaongezeka kwa karibu asilimia 12. Kila mara moja! Kibao tu ukutani kinachosema bili ni dirisha namba fulani, na mhudumu mmoja akae mezani kupokea maswali saa ya dawa, hapo umeshapunguza. Halihitaji mfadhili.

Na asije mtu akasema hayo ni ya wenzetu wenye hela. Ile fomu ya Shirika la Afya Duniani ya kuhakiki usalama kabla ya upasuaji ilijaribiwa hospitali nane duniani na mojawapo ilikuwa Ifakara hapa hapa Morogoro, pamoja na London na Toronto. Matokeo yalitoka 2009, ukijumlisha hospitali zote nane vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Ni karatasi tu na watu kukubali kuisoma kwa sauti. Hata zile S tano za kupanga na kusafisha mahali pa kazi, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, zilianzia hospitali ya rufaa Mbeya 2007 kwa msaada wa Wajapani, zikasambaa nchi nzima. Ila niliko mimi tunazifanya wiki wakaguzi wanakuja, tunasugua sakafu, wakiondoka stoo inarudi vile vile.

Kila Mei 12 tunawasha mishumaa kumkumbuka Florence Nightingale. Yule mama pamoja na ile taa alikuwa mtu wa takwimu, alihesabu vifo vya askari wa vita ya Krimea akaonyesha wengi waliuawa na maradhi kuliko majeraha, ndo serikali yao ikasikia. Sisi tunahesabu nini? Tunajaza marejista mpaka vidole vinauma, yanakwenda juu, hayarudi na jibu.

Ninachoomba kwa Waganga Wakuu wa Mikoa yote miwili, Mtwara na Lindi, ni daftari moja kila wodi. Nesi aandike kilichokosekana, saa ngapi, na alitumia dakika ngapi kukitafuta, basi. Asiandike jina la mtu, maana likigeuka daftari la kushtakiana hakuna atakayeandika. Kila Ijumaa patroni au metroni, yaani mkuu wa manesi wa hospitali, mfamasia na mtu wa stoo wakae nalo nusu saa, jibu libandikwe wodini Jumatatu, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani. Wanafunzi wa uuguzi wa Ndanda na vyuo vingine vya huku wapewe hayo madaftari wayachambue kama utafiti wao, wodi gani inakosa nini na kwa nini, kuliko kila mwaka kutafuta mada za mbali. Waanze na wodi mbili tu kila hospitali, mwezi wa kwanza tutajua stripu zinaishia wapi.

Muuguzi,
Mtwara
(jina nimempa mhariri)